Shamba lina njaa, Ziwa Victoria limevimbiwa: chakula ni kilekile

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Novemba mwaka juzi nilikuwa kwa mama, Magu, mvua kubwa ya kwanza ikatukuta huko. Shamba lake liko kwenye mteremko, ardhi ya kichanga ile tunayoiita luseni. Maji yakawa yanashuka kati ya matuta yana rangi ya chai ya maziwa. Nikakinga ndoo moja ya lita 20 pale yanapotokea shambani, nikaiacha barazani usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yametulia, chini kuna tope laini kama uji, unene wa kidole. Nikamwaga maji polepole, tope nikalitia kwenye kopo la rangi nililolitoboa, nikachanganya na mchanga kidogo, nikasia mchicha. Kopo la pili nikajaza udongo wa shamba lenyewe, mbegu zilezile, maji yaleyale.

Baada ya wiki nne mchicha wa tope ulikuwa na majani mapana kama kiganja changu. Ule wa udongo wa shamba ulikuwa wa njano, shina kama njiti ya kiberiti. Mama akaviangalia vile vikopo viwili, akakaa kimya, halafu akasema: "Kumbe shamba langu limeshaondoka, mimi nalima mchanga."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo, ndiyo sababu ya uzi huu. Nimefanya kazi maabara ya maji kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najua lilipokwenda. Liliingia korongoni, likaingia Mto Simiyu, likatokea Ghuba ya Speke. Liko ziwani. Na kule ziwani kitu kilekile ambacho mama anakikosa ndicho kinachofanya maji yawe ya kijani, magugu maji yastawi na samaki wakose hewa. Ninachotaka tukielewe hapa ni hicho tu: hatuna tatizo la shamba upande mmoja na tatizo la ziwa upande wa pili. Ni chakula kimoja kilichohama nyumba.

Nianze na maji, maana ndiyo gari linalobeba kila kitu.

Ziwa Victoria ni sinia pana. Lina eneo la kilomita za mraba kama 68,000, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Watu wengi wanadhani mito ndiyo inayolijaza. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote unaoingia, kuna Mara, Simiyu, Nzoia, Nyando na mingine, lakini yote kwa pamoja inaleta karibu sehemu moja tu ya tano ya maji. Nne zilizobaki ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na maji hayo hayaondoki kwa Mto Nile kule Jinja kama tulivyofundishwa kukariri. Sehemu kubwa mno yanarudi juu kama mvuke.

Aliyewahi kulala kambi ya wavuvi anaijua hii bila kusomeshwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda, na kabla ya alfajiri radi zinapiga juu ya maji. Mchana mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani, mawingu yanajengeka bara. Ziwa linajinyeshea lenyewe.

Sasa tatizo liko hapa: mvuke hauna chumvi wala mbolea. Maji yanapopanda yanaacha mzigo chini. Kila kilichoingia na mto, na kila vumbi na majivu yaliyoanguka na mvua, yanabaki kwenye sinia. Mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja, na ni mwembamba ukilinganisha na ziwa.

#2 Mleta mada

Naendelea. Chakula cha mimea kiko cha aina nyingi, ila hapa niwaeleze viwili, nitrojeni na fosforasi, kwa sababu tabia zao ni tofauti kabisa.

Nitrojeni imejaa hewani, asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi ni hiyo. Lakini mahindi yanaweza kuzungukwa nayo yakafa njaa, maana hayawezi kuitumia ikiwa hewa. Inabidi ifungwe kwanza. Radi inafunga kidogo. Bakteria wanafunga nyingi: ng'oa mche wa kunde au karanga uangalie mizizi, utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria wako kazini. Mwanzoni mwa karne iliyopita Fritz Haber aligundua namna ya kuifunga kwa joto na mgandamizo mkubwa, Carl Bosch akaipeleka kiwandani, na leo mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni iliyotolewa hewani. Na pale ambapo hakuna oksijeni, kwenye tope la kinamasi kwa mfano, wako bakteria wengine wanaoifungua na kuirudisha angani. Kwa hiyo nitrojeni ina njia ya kurudi nyumbani.

Fosforasi haina njia hiyo. Haigeuki hewa. Inatoka kwenye mwamba, inaingia udongoni, mmea, mnyama, inarudi udongoni, na ikishachukuliwa na maji mpaka chini ya ziwa, imekwenda. Ili irudi juu yenyewe inabidi ardhi iinuke, na hilo ni suala la mamilioni ya miaka.

Njia ya mkato ninayoipenda ni ya ndege. Wale wanaotumia mbolea ya Minjingu, pale mkoani Manyara, mjue mnatia shambani kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwani wa zamani sana. Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko la leo, ndege wakala majini, wakatua kwenye kilima, wakaacha mzigo, ukawa mwamba. Fosforasi ilitoka ziwani ikapanda nchi kavu kwa mabawa. Sisi tunaichimba, tunaisaga, tunaipa mahindi, halafu tunaiacha mvua iirudishe ziwani kwa msimu mmoja.

#3 Mdau, Ukerewe

Mkuu, mimi ni mvuvi, baba alikuwa mvuvi. Kuna kitu tunakiona miaka yote. Ziwa linatulia miezi kadhaa, halafu ikifika kama Juni, Julai, upepo wa kusini unakaza, na siku moja unakuta sangara wakubwa wamekufa wanaelea, wengine wanahema juu juu. Maji yana harufu ya yai viza. Wazee walisema ziwa limejigeuza. Watu wanadhani kuna aliyemwaga sumu. Hebu eleza.

#4 Mleta mada

Wazee walisema sawasawa, ndugu yangu. Limejigeuza.

Mwani, yaani vile vimea vidogo vinavyofanya maji yawe ya kijani, ukiwa mwingi, unaishi juu kwenye jua, unakufa, unazama. Kule chini bakteria wanaula, na katika kuula wanatumia oksijeni. Miezi ya joto maji ya juu ni mepesi, ya chini ni mazito na baridi, hayachanganyiki, kwa hiyo oksijeni ya chini ikiisha hakuna ya kuongezea. Hapo ndipo inapojitokeza ile gesi ya harufu ya yai viza. Upepo wa kusini ukikaza, yale maji ya chini yanasukumwa juu, na sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi, ndiyo maana yeye anatangulia.

Kujigeuza ni jambo la asili na ni zuri, ndiko kunakoliletea ziwa hewa. Kilichobadilika ni kiasi cha maji yasiyo na oksijeni kilichoko chini. Kuanzia miaka ya 1960 mwani uliongezeka sana na aina zake zikabadilika, wale wa kijani-buluu wakatawala. Sisi watu wa maji tuna kisahani cheupe tunachokishusha kwa kamba, tunaandika kinapotea wapi. Miaka ya 1920 watafiti walikiona mita kadhaa chini. Ghuba nyingi leo hakifiki mita mbili.

Kuna jambo moja baya zaidi. Fosforasi iliyolala kwenye tope imeshikwa na chuma. Oksijeni ikiisha, chuma kinaiachia, inapanda tena juu, inalisha mwani mpya. Na mwani wa kijani-buluu unaweza kujifungia nitrojeni kutoka hewani wenyewe, hauhitaji kusubiri mtu alete urea. Ukiupa fosforasi, kilichobaki utajitafutia. Ndiyo maana hata tukifunga kila bomba leo, ziwa litaendelea kucheua la jana kwa miaka mingi.

#5 Mdau mkulima, Geita

Mleta mada, nakuheshimu ila hapa lazima niseme. Kila siku mkulima ndiye anayelaumiwa. Mimi na majirani zangu mfuko mmoja wa mbolea tunagawana watu watatu. Wazungu wanamwaga tani na tani, maziwa yao yapo. Sisi hatuna hata hiyo mbolea ya kuharibu ziwa. Unatubebesha mzigo usio wetu.

#6 Mleta mada

Mkuu, umesema kweli na nashukuru umesema, kwa sababu nisingependa uzi huu usomwe vibaya.

Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakakubaliana tufike kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Wakati ule wastani ulikuwa kama kilo 8. Mkulima wa bonde la Ziwa Victoria hajawahi kuwa mmwaga mbolea. Yeye ndiye aliyeibiwa.

Piga hesabu nami. Gunia la mahindi la kilo 100 likipanda lori, linaondoka na karibu kilo moja na nusu ya nitrojeni na gramu kama 300 za fosforasi. Linakwenda mjini. Linaliwa ugali. Mtu mzima hahifadhi vitu hivyo mwilini. Karibu vyote alivyokula vinatoka, tena nitrojeni nyingi kwenye mkojo. Vinaingia choo cha shimo cha mlimani kwenye mawe, au chemba inayovuja, au mtaro. Kwa hapa Mwanza mtaro unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani katikati ya mji. Rutuba ya Geita imeshuka ziwani kwa kupitia tumbo la mtu wa mjini, na gunia tupu limerudi kwako. Hakuna aliyekurejeshea zile gramu 300.

Njia ya pili ni mmomonyoko, ndiyo ya kopo la mama. Fosforasi inang'ang'ania chembe laini za udongo, na chembe laini ndizo zinazoondoka kwanza.

Njia ya tatu inawashangaza wengi: moshi. Tunapochoma mabua, nyika na misitu, nitrojeni inapaa, majivu na vumbi lenye fosforasi vinapanda, na kumbuka nilichosema, ziwa linavuta upepo kila usiku na kujinyeshea. Vipimo vilivyofanyika upande wa Tanzania vilionyesha kwamba fosforasi inayoangukia ziwani kutoka angani inazidi ile inayoletwa na mito. Nilipoona takwimu hizo mara ya kwanza nilizirudia mara mbili. Septemba ukipita usiku barabara ya Shinyanga ukaona vilima vinawaka mistari ya moto, ile ni mbolea inasafiri.

#7 Mdau, Kisumu

Habari zenu. Huku kwetu Ghuba ya Winam ndiyo imeumia zaidi, kwa sababu ni ghuba iliyofungika, maji hayapiti vizuri kwenda ziwa kuu. Mto Nyando unakuja mwekundu kabisa wakati wa mvua. Magugu yakifunga ufuo, mashua haitoki wiki nzima, na mama wa kuuza samaki hana kazi. Tulishaleta wadudu, tulishaleta mashine, yanapungua halafu yanarudi. Shida ni nini?

#8 Mleta mada

Pole sana ndugu, nimewahi kufika huko, nikaona ufuo mzima umekuwa kama uwanja wa mpira wa kijani.

Magugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Ziwani yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kagera uliendelea kuyashusha kutoka Rwanda. Kilele chake kilikuwa karibu 1998. Wale fukusi walioletwa kuyala walifanya kazi kubwa, na mvua na mawimbi ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliyavunja na kuyatawanya. Lakini fukusi anakula jani, hali fosforasi. Gugu likifa linazama na kurudisha kila lilichobeba, na mbegu zake zinakaa topeni miaka mingi. Maji yakiwa na lishe ya kutosha, gugu linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Kuyavuna na kuyatoa nchi kavu kabisa, yakawa mboji au yakaingia mtambo wa biogesi, angalau kunatoa mzigo majini. Kuyakatakata na kuyaacha yazame hakutoi chochote.

Na tunza sana mafunjo yaliyobaki. Kinamasi cha mafunjo kinapunguza kasi ya mto, tope linatua, bakteria wa tope wanarudisha nitrojeni hewani. Kampala wanalijua hili kwa kinamasi cha Nakivubo, kilichochuja maji machafu ya mji kwa miongo mingi kabla hayajafika ghuba wanayochotea maji ya kunywa. Kadiri watu walivyokikata na kulima magimbi, ndivyo uchujaji ulivyopungua.

#9 Mdau, Musoma

Mkuu, turudi Machi 2022. Mto Mara uligeuka mweusi pale karibu na Daraja la Kirumi, samaki wakafa wengi. Kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza. Watu walicheka nchi nzima. Ng'ombe wamekuwepo tangu enzi za babu zetu. Unasemaje?

#10 Mleta mada

Sikuwa na chupa ya sampuli mkononi siku zile, kwa hiyo sitatoa hukumu ya tukio lile. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: kinyesi kinaweza kuua samaki, na Mto Mara wenyewe ndio mahali pazuri kuliko pote duniani pa kulijifunzia hilo.

Juu kule, upande wa Kenya, kuna viboko karibu 4,000. Usiku wanakula nyasi mbugani, mchana wanashinda majini wanaachia. Watafiti walikadiria tani kama 36 za kinyesi kwa siku. Kiangazi madimbwi ya viboko yanakuwa meusi na hayana oksijeni kabisa. Mvua ikija ghafla, ule uozo unasukumwa mtoni kwa pamoja, oksijeni inashuka kwa saa kadhaa, samaki wanakufa. Imepimwa, na hakuna kiwanda hapo.

Ongeza nyumbu. Kwa wastani 6,250 hufa maji kila mwaka wakivuka, zaidi ya tani 1,000 za nyama na mifupa. Nyama inaisha ndani ya wiki chache, mamba, ndege na samaki wanagawana. Mifupa inachukua kama miaka saba, na muda wote huo inaachia fosforasi kidogo kidogo. Hapo unaona tofauti ya dozi: mfupa unalisha mto kwa miaka, dimbwi lililofumuliwa linaukaba kwa saa kadhaa. Kitu kilekile.

Sasa swali la kuuliza kuhusu ng'ombe wetu si kama walikuwepo enzi za babu. Walikuwepo. Swali ni wanashinda wapi, wangapi kwa mara moja, na kama ukingo wa mto bado una nyasi na miti ya kuchuja. Babu alikuwa na ngitili, eneo la malisho lililofungwa mpaka kiangazi. Shinyanga miti ilifyekwa sana enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, ardhi ikabaki uchi, na mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 dawa kubwa ilikuwa kurudia ngitili zilezile. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi.

#11 Mdau, Sengerema

Asante kwa elimu. Mimi nina watoto wadogo na tunachota ziwani. Siku maji yana utando wa kijani nachemsha, inatosha?

#12 Mleta mada

Dada, hapana, na tafadhali waambie na majirani. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, endelea kuchemsha siku zote. Lakini mwani wa kijani-buluu baadhi unatoa sumu ya ini ambayo haiondoki kwa moto. Ukiona utando kama rangi ya mafuta ya kijani, usichote hapo. Nenda mbali na ghuba iliyotulia ambako upepo haujausukuma utando, au tumia kisima au maji ya mvua siku hizo. Ng'ombe na mbuzi pia msiwanyweshe pale.

Umenikumbusha nimalizie ya mama, maana wengine wameuliza faraghani.

Baada ya vile vikopo alikubali tuchimbe makinga maji matatu kukata mteremko, tukapanda mabingobingo juu ya tuta. Mabua hachomi tena, anayalaza kati ya mistari. Kunde zinaingia katikati ya mahindi. Choo kipya tumekijenga cha mashimo mawili. La kwanza likijaa linafungwa na kuachwa lioze kabisa kwa zaidi ya mwaka, halafu lile litakalotoka linakwenda kwenye migomba. Hilo la choo lilimchukua muda kukubali, na sikumlazimisha.

Mvua ya Novemba iliyopita nilikinga tena ndoo palepale. Tope lilikuwepo, lakini jembamba, nusu kucha. Lililobaki lilikuwa kwenye mfereji wa kinga ya kwanza, limejaa kiasi cha kuzamisha kifundo cha mguu. Mama alikuwa analizoa kwa karai na kulirudisha juu, karai baada ya karai, na alikataa nisimsaidie kwa koleo kwa sababu, alisema, nalimwaga ovyo.